Kororo, Kanga wa Kivulini

Mazungumzo yangu ya leo yanamhusu ndege ambaye katika wilaya zetu hizi mbili, Nachingwea na Ruangwa, waliomsikia ni wengi kuliko waliomwona, na katika hao waliomwona wako waliomdhania kuwa mwingine. Ndege huyo ni kororo, kanga wa msituni mwenye kishungi kichwani, naye anastahili kuzungumzwa leo, wakati ambapo vichaka anamokaa vinapungua mwaka hata mwaka mbele ya macho yetu.

Kanga wa kawaida hahitaji kujulishwa kwa mtu yeyote aliyezaliwa huku kwetu. Yeye ni jirani wa mkulima. Huonekana mashambani baada ya mavuno, akiparuaparua udongo kutafuta punje zilizosahauliwa na jembe, akikimbia mbele ya baiskeli njiani, na juu ya kichwa chake amebeba pembe ngumu ya mfupa ambayo hata mtoto mdogo huitambua. Kororo ni wa ukoo huohuo, walakini tabia zake na maskani yake ni tofauti kabisa. Mahali pa pembe ile yeye amejaliwa manyoya meusi laini, yaliyojikunja na kusimama juu ya utosi mithili ya nywele ambazo hazijapata kuchanwa. Uso wake na sehemu ya juu ya shingo ni ngozi tupu yenye rangi ya samawati iliyofifia kuwa ya kijivu. Chini ya ngozi hiyo limezunguka kola la manyoya meusi yasiyo na doa hata moja. Kisha mwili wote, tangu kifuani hadi mkiani, ni mweusi ulionyunyizwa madoa madogo ya duara yenye weupe wa kibuluu, yaliyopangika kwa utaratibu wa kustaajabisha. Arukapo, ukingo mweupe wa bawa hung'aa ghafula katika giza la msitu, na mara nyingi mng'ao huo ndio dalili pekee ambayo mpita njia huipata kwamba palikuwa na ndege mahali pale. Urefu wake, tangu mdomo hata mkia, ni kiasi cha sentimita 50, na uzito wake ni kilo moja na ushei. Jogoo na tembe hufanana sana, hata si rahisi kuwatofautisha kwa macho, ingawa jogoo huelekea kuwa mkubwa kidogo.

Ukoo wa makanga asili yake ni bara letu la Afrika. Humo wamo kanga tumbusi wa nyika kavu za kaskazini, mwenye kifua cha buluu inayometameta, na kanga weusi wa misitu minene ya Kongo, ambao ni watu wachache mno waliobahatika kuwaona. Kororo naye si namna moja. Mwaka 1861 mtaalamu wa ndege wa Ujerumani, Gustav Hartlaub, alimtangaza kwa ulimwengu wa elimu ndege aliyetoka Unguja, akampa jina la kumkumbuka mtaalamu wa Ufaransa aliyeitwa Jacques Pucheran. Na kororo huyo wa Unguja na wa mwambao wa kaskazini, hadi Kenya na Somalia, ana wekundu usoni na kooni, na madoa yake hupanda mpaka shingoni. Wetu wa kusini, anayeenea toka Lindi kuingia Msumbiji na Malawi, hana wekundu huo, na lile kola jeusi nililolitaja ndilo alama yake. Kwa hiyo mtu wa Ruangwa aliyekwenda Unguja na kumwona kororo wa huko, kisha akasema kwamba si yule wa nyumbani, alisema kweli. Wataalamu wa siku hizi wamewatenga kuwa aina mbali mbali.

Sasa tumfuate nyumbani kwake. Kanga hupenda uwazi, kororo hupenda kivuli. Maskani yake ni vichaka vizito vilivyosongamana kwa mitambaazi, misitu ya kandokando ya mito, na misitu ya uwandani juu ambayo hubaki mibichi muda mrefu baada ya miombo kupukutisha majani. Nchi yetu imejaaliwa mahali pa namna hiyo. Upande wa mashariki, kati ya Ruangwa na Lindi, limeinuka tambarare la Rondo, ambalo msitu wake unasifika duniani kote kwa viumbe wake, miongoni mwao akiwa komba wa Rondo, mmoja wa komba wadogo kabisa wanaojulikana. Kaskazini unapita mto Mbwemkuru, kusini unapita mto Lukuledi, na katikati vijito visivyohesabika vinashuka mabondeni, kila kimoja kikiwa, au kikiwa zamani, na ukanda wake wa miti mirefu na vichaka vya chini. Humo ndimo njia za kororo zilimo. Huenda kwa makundi ya kumi, ishirini, hata thelathini, wakitembea kwa mstari chini ya majani, wakifukua taka za msituni kwa miguu na kwa midomo, na kila mmoja haachi kutoa mlio mdogo wa chini ili mwenzake asipotee.

Chakula chake ni cha namna nyingi: mbegu, matunda yaliyoanguka, mizizi laini, machipukizi, mchwa, jongoo, konokono wadogo na wadudu wa kila sura. Katika kutafuta riziki hiyo kororo ana desturi moja ambayo kwangu mimi ni ya ajabu kuliko zote, nayo ni kufuatana na kima. Kima apandapo mkuyu wenye matunda hali kwa uangalifu. Huchuma tunda, huling'ata upande mmoja, hulitupa na kuchuma jingine. Hutikisa matawi, hudondosha mabivu na mabichi pamoja, na baada ya muda mfupi chini ya mti huo pametandazwa karamu. Kororo wamelijua jambo hilo tangu dahari. Husikia kelele za kima juu, wakaenda wakakaa chini yao, wakawa wanaokota kinachodondoka, kama watoto chini ya mwembe aliopanda kaka yao. Na kima wahamapo mti, kororo nao huhama. Hata katika kinyesi cha kima hutafuta mbegu ambazo hazikusagika. Watafiti waliofanya kazi katika msitu wa Kibale, nchini Uganda, waliwachunguza kororo wa huko kwa makusudi kwa sababu ya uhusiano huu, wakaukuta ni jambo la kawaida na si la bahati nasibu. Nami nadhani faida yake haikomei tumboni tu. Kima aliye juu humwona tai mapema kuliko ndege aliyeinamisha kichwa katika majani makavu. Akipiga ukelele wa hatari, kila kiumbe aliye chini ya mti ule amekwisha kuonywa.

Mlio wa kororo mwenyewe, anaposhtuka, si mlio wa kusahaulika. Ni sauti kavu ya mkwaruzo, yenye mapigo ya haraka yanayofuatana, na inapoanza kwa mmoja hupokewa na kundi zima hata bonde likajaa mrindimo. Wawindaji wazoefu husema kwamba msitu ukilia hivyo asubuhi, usihangaike kunyatia, maana umekwisha kuonekana. Jioni, jua likitaka kutua, kundi huruka na kupanda katika miti mirefu, wakalala huko matawini, mbali na paka pori, fungo na chatu. Siku za mvua kubwa, au asubuhi baada ya usiku wa mvua, hutoka katika kichaka kilicholowana na kusimama ukingoni mwa msitu au katika njia ya gari, wakakausha manyoya yao. Na huo, wasikilizaji wangu, ndio wakati bora wa kuwaona kwa mtu atakaye kuwaona tu, bila nia nyingine.

Katika ndoa kororo ni mwenye staha. Majira yanapowadia, kundi hugawanyika kwa muda, na kila jogoo hushikamana na tembe mmoja. Katika kumposa, jogoo huokota mdudu au tunda zuri, akalishika mdomoni asilile, akamwendea tembe kwa mwendo wa madaha na kumtilia mbele yake. Na jambo hili hulirudia mara nyingi kwa siku. Mtu anaweza kusema kwamba hayawani hajui ukarimu, kwamba huo ni msukumo wa maumbile tu. Mimi simbishii, lakini nasema kwamba maumbile hayo yamechagua njia nzuri. Kiota ni shimo jepesi lililoparuliwa ardhini, chini ya kichaka kizito au kando ya gogo, nalo hutandikwa majani machache tu. Mayai aghalabu ni manne au matano, pengine huzidi, rangi yake ni ya maziwa yaliyochanganyika na hudhurungi kidogo, na ganda lake ni gumu sana. Ni machache kuliko ya kanga, ambaye huweza kutaga kumi na mbili na zaidi, na jambo hilo tulitie moyoni, maana ndege mwenye mayai machache hakimbilii kufidia hasara. Tembe huyaatamia kwa kiasi cha siku 23, na vifaranga, wakianguliwa, hutembea mara moja wakiwafuata wazazi wao, wakiwa na michirizi ya hudhurungi iliyofanana kabisa na majani makavu.

Ndege wa misituni wana hadhari ya namna hiyo, na kwa hadhari hiyo wengine wameweza kujificha machoni mwa elimu mpaka juzi juzi tu. Hapa nitatoka kidogo nje ya wilaya zetu, nipande nanyi mpaka milima ya Udzungwa. Mwaka 1991 kundi la watafiti, Watanzania na Wadenmark, walikuwa wamepiga kambi katika misitu ya huko, na katika sufuria ya kitoweo wakaona miguu miwili ya ndege ambayo haikufanana na miguu ya kwale yeyote aliyepata kuandikwa. Wakatafuta, wakamwona ndege mwenyewe akiwa hai, na mwaka 1994 akatangazwa rasmi kuwa aina mpya: kwale wa Udzungwa. Ajabu kubwa zaidi ilikuwa nasaba yake. Ndugu zake wa karibu hawakupatikana katika makwale wa Afrika, bali katika ndege wa misitu ya milimani ya Asia, upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Naye akawa shahidi wa zama za kale sana, wakati misitu ya bara hili na ya bara lile ilipokuwa imekaribiana kuliko leo. Baadaye nduguye mwingine akapatikana katika milima ya Rubeho. Fikirini basi: ndege mwenye ukubwa wa kuku mchanga, anayetembea chini kwa miguu, anayeliwa na watu wa jirani kwa vizazi vingi, na bado vitabu vyote vya ulimwengu havikuwa na habari zake mpaka alipofika chunguni. Msitu uliofyekwa kabla ya mwaka ule ungalikwenda na siri yake. Ndiyo sababu nasema kwamba hatuna haki ya kudhani kuwa tumekwisha kuijua misitu ya Rondo na mabonde ya Mbwemkuru, kwa kuwa tu tumeizoea.

Narudi nyumbani. Wazee wetu wa Nachingwea wanakumbuka, au walisimuliwa na baba zao, habari za mpango wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikusudia kulima mamilioni ya eka za karanga katika Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Jimbo la Kusini, na Nachingwea ikachaguliwa kuwa makao ya kazi hiyo huku kusini. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikatandazwa kuja Nachingwea, na matrekta makubwa, mengine yakiburuta minyororo mizito, yakaingia porini kung'oa miti na visiki. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, ikang'olewa, na leo mgeni anayesikia kata inaitwa Stesheni huuliza gari moshi liko wapi. Historia ya mpango huo imeandikwa mara nyingi kama historia ya fedha zilizopotea. Mimi naitazama pia kwa jicho la ndege. Ardhi iliyofunguliwa na matrekta yale ilimpa kanga uwanja ambao hakuwa nao, maana yeye ni rafiki wa shamba. Lakini kwa kororo kila kichaka kilichong'olewa kilikuwa nyumba iliyobomolewa. Katika miaka hiyohiyo ya 1940 na 1950, mivule mikubwa ya Rondo ilikuwa ikikatwa na kushushwa kwenda pwani kuwa mbao, na baadaye sehemu ya tambarare ikapandwa misonobari, mti ambao kororo hapati tunda kwake wala kichaka chini yake.

Siku hizi trekta si adui mkubwa. Adui ni haraka yetu wenyewe. Ufuta umeleta fedha katika mkoa wa Lindi, na hakuna mtu mwenye akili atakayemlaumu mkulima kwa kulima zao linalomsomeshea mtoto na kumwezekea nyumba bati. Lakini ufuta hupenda ardhi mpya, na mkulima asiyekuwa na njia nyingine ya kurutubisha shamba lake hulihama baada ya misimu michache na kufyeka pengine, na huko pengine, kwa kuwa miombo ya karibu imekwisha kulimwa, ni bonde lenye kichaka, yaani nyumbani kwa kororo. Kisha huja moto. Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua, mashamba huchomwa, na moto usiochungwa hauulizi mpaka. Huingia katika ukanda wa mto, hula majani makavu ya chini, na hata ukiiacha miti mirefu imesimama, umekwisha kuondoa kile kivuli cha chini ambacho ndicho kororo anachokihitaji. Mvua zikianza kunyesha na majira ya kutaga yakiwadia, tembe hukuta ardhi tupu yenye majivu mahali ambapo mwaka uliopita palikuwa na maficho.

Kuhusu mitego nitasema kwa ufupi. Kororo hupita njia zilezile kila siku, na kwa hiyo ni rahisi kumnasa kwa kitanzi cha waya kilichotegwa chini ya kichaka. Kitanzi hakichagui jogoo na tembe, hakijui majira ya mayai, na mtegaji akisahau alipotega, huua bure na kuozesha. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa mtu anayewinda, na ndege wamo katika hukumu hiyo. Nayasema haya si kwa kumtisha mtu, bali kwa sababu wako vijana wengi wanaodhani kwamba sheria ya wanyama ni ya tembo na faru peke yao.

Liko jambo lenye kutia moyo, nalo limo mikononi mwa vijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanakijiji haki ya kutenga msitu wao katika ardhi yao, kuupimia mipaka, kuuwekea kamati na kunufaika na mali yake. Jirani zetu wa Kilwa walitangulia, wakiuza mpingo kwa utaratibu, na mwaka 2009 misitu yao ya vijiji ikapata cheti cha kimataifa cha uvunaji mwema, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayomilikiwa na wanakijiji. Kazi hiyo imefika pia katika vijiji vya Ruangwa na Nachingwea. Watu waliolitenga pori kwa ajili ya mpingo na mninga hawakumfikiria kororo, lakini amefaidika pamoja nao, kwa kuwa kamati inayozuia moto kwa ajili ya mbao imemzuilia moto yeye pia. Ombi langu kwa kamati hizo ni kwamba mnapopima mipaka msiyaache nje mabonde yenye vichaka eti kwa sababu hayana mbao za kuuza.

Nisisitize neno hili la mabonde, maana humo ndimo maisha ya kororo yalipo. Kororo anayo mabawa, lakini si msafiri wa angani. Huruka kwa dharura, umbali mfupi, kisha hurudi chini. Na shamba pana lisilo na mti kwake ni kizuizi cha kweli. Kundi lililobaki katika kichaka kimoja, limezungukwa pande zote na ufuta na mikorosho michanga, halina njia ya kufikia kundi jingine, na mwaka wa njaa au wa moto likiisha, hakuna wa kuja kujaza nafasi yake. Likiwa na ukanda wa miti kando ya kijito, hutembea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kukataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru ukingo, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, kwa ajili ya maji na udongo. Meta 60 upande huu na 60 upande ule ni ukanda wa meta 120, wenye kivuli, wenye mikuyu na kima wake, unaoweza kutoka vijito vya juu vya Ruangwa mpaka Mbwemkuru, na kutoka mabonde ya Nachingwea mpaka Lukuledi, bila mtu yeyote kutunga sheria mpya wala kunyang'anywa shamba alilopewa kwa haki. Mwenye shamba lake mtoni na aanzie hapo kupima, msimu huu kabla hajashika panga.